Mwanambee ana akili. Na mdogo je?

Ni baada ya alasiri, uani mwa nyumba moja ya Mkomani, Lamu. Mtoto wa kiume wa miaka saba, mwanambee wa nyumba hii, yaani mzaliwa wa kwanza, ameketi mkekani, anamsomea mgeni wa mama yake Suratul Mulk kwa ghaibu, aya baada ya aya, bila kukwama. Mgeni anatikisa kichwa kwa furaha.

Pembeni, karibu na mlango wa jikoni, dada yake amechutama mbele ya karai la maji. Ana miaka minne na miezi kumi. Mkononi ana kidau alichokikata kwenye soli ya ndara iliyokatika: kijiti ndio mlingoti, kipande cha leso kuukuu ndio tanga. Anakipuliza, kinapinduka. Anaweka kijiwe juu, kijiwe kinateleza upande mmoja, kidau kinapinduka tena. Anakitazama kimya kwa muda. Halafu anaokota msumari, anaufunga kwa uzi chini ya soli, upande wa tezi, nyuma. Omo, sehemu ya mbele, inanyanyuka juu. Anausogeza msumari katikati. Anapuliza. Kidau kinalala, kinajiinua.

"Mashallah, huyu ana akili," anasema mgeni, akimwangalia mvulana. "Na huyu mdogo?"

"Huyu? Huyu ni kucheza maji kutwa, mwenzangu. Akili yote kaichukua kakake."

Msumari haukuonwa na mtu.

Kauli hii, kwamba akili ya nyumba imekwenda kwa mmoja, imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Husemwa kwa mapenzi, husemwa mbele ya watoto wenyewe, tena husemwa na watu wanaowapenda wote wawili sawasawa. Naamini si kweli katika nyumba nyingi inamosemwa. Na naamini ina gharama.

## Ndugu hawapishani kiasi hicho

Vipimo vya akili vimepangwa ili wastani wa watu uwe alama 100. Ukiwachukua watu wawili wasio na udugu wowote ukawapima, watapishana kwa wastani wa alama 17 hivi. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hupishana kwa kama alama 12. Wanatofautiana, naam, na wapo ndugu waliopishana mbali sana. Lakini kwa kawaida wako karibu zaidi kuliko tunavyowasimulia.

Linda Silverman, mwanasaikolojia wa Denver, Marekani, amefanya kazi miongo mingi ya kuwapima watoto wenye vipaji, na mara nyingi na ndugu zao. Aliona kwamba wengi wao walikuwa wamepishana kwa alama kumi au chini ya hapo. Aliona pia kwamba watoto wa pili walikuwa wakitambuliwa mara chache sana kuliko wa kwanza.

Hapa pana shaka ya haki. Watoto waliofika kwake walipelekwa na wazazi waliokuwa na uwezo na ambao tayari walikuwa wamehisi jambo. Huwezi kuwafanya kipimo cha kila nyumba. Lakini mwelekeo unalingana na hesabu ile ya kwanza, na kwa mzazi unatosha kuwa mahali pa kuanzia: ikiwa mkubwa ameonyesha alama zilizo wazi, dhana ya kwanza kuhusu mdogo iwe kwamba naye yuko karibu, mpaka uone vingine.

Sisi huanza kinyume. Tunaanza na dhana kwamba nafasi imejaa.

## Jina hutangulia, matokeo hufuata

Mwaka 2015, Alexander Jensen na Susan McHale walichapisha uchunguzi wa familia 388 za Marekani zenye vijana wawili, wa kwanza na wa pili kuzaliwa. Wazazi waliulizwa nani kati ya watoto wao anafanya vizuri zaidi shuleni. Wengi walimtaja wa kwanza, ingawa kwa wastani matokeo ya ndugu hao yalikuwa yamekaribiana. Kilichofuata ndicho kinachonisumbua: imani ya mzazi ilitabiri alama za baadaye. Aliyedhaniwa kuwa mwerevu zaidi aliendelea kupanda kuliko mwenzake.

Wa pili hakupungukiwa akili. Alipewa jina, akalivaa.

Kuna ushahidi mwingine, wa Norway. Mwaka 2007, Petter Kristensen na Tor Bjerkedal walitazama vipimo vya vijana wa kiume karibu robo milioni walioingia jeshini. Waliozaliwa wa kwanza walikuwa mbele ya wa pili kwa kama alama mbili na kitu. Ni tofauti ndogo, huwezi kuiona kwa macho nyumbani. Uzito uko kwingine: wa pili ambao kaka au dada yao mkubwa alifariki wangali wadogo, wakakua wao ndio wakubwa, walipata alama sawa na wanambee. Kwa hiyo jambo haliko tumboni mwa mama. Liko katika nafasi mtoto anayokulia.

Nyumba ya Lamu si nyumba ya Norway. Hapa mtoto analelewa na bibi, mashangazi, wana wa ami ghorofa ya juu, maalimu wa chuo cha Qurani na mwalimu wa shule. Pengine macho mengi humwokoa mdogo. Pengine humwongezea tu watu wa kulirudia jina lile lile. Nimeona hoja zote mbili zina nguvu, na sijapata ya kuiangusha nyingine.

Watoto nao hugawana wenyewe. Tangu 1976 mtafiti Frances Schachter alieleza jinsi ndugu, hasa wawili wa kwanza, wanavyojitenga: mmoja akishakuwa msomaji, mwingine huwa mchezaji, mmoja akiwa mpole, mwingine mkorofi. Mdogo hapigani na mkubwa mahali ambapo mkubwa ameshashinda. Anahamia kwingine. Na huko alikohamia, wewe huna mazoea ya kutazama.

## Kipaji chenye sauti na kipaji kimya

Kipaji cha maneno kinasikika. Mtoto anasema mapema, anatunga, anajibu wakubwa, anasoma mbao za maduka njiani, anahifadhi. Watu wanageuka. Ndiyo maana wazazi hukiona hata wasipokitafuta.

Kipaji cha umbo na nafasi hakina sauti. Mtoto wa aina hii huonekana anapoteza wakati. Anafungua kalamu na kuifunga. Anajua kichochoro kipi kitokee nyuma ya msikiti upi, na akiwa na miaka minne anaweza kukuvuta mkono: "Tupite hapa, tutatokea kwa bibi." Anachora mashua akikumbuka kwamba foromali, mti unaobeba tanga, inakaa kwa mshazari na kwamba tanga huvimba upande mmoja tu. Anageuza kipande cha fumbo kichwani kabla ya kukishika. Ukimwuliza amefanyaje, hajui kueleza. Anaonyesha tena kwa mikono.

Hata wataalamu wamekikosa. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza 1921 kukusanya watoto wenye akili nyingi California, zaidi ya 1,500, kwa kipimo kilichoegemea sana maneno. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa nje kwa kutofikia alama. Mmoja, William Shockley, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia 1956; wa pili, Luis Alvarez, akaipata 1968.

Kipo kipaji cha watu pia. Mtoto wa miaka mitano anayepanga mchezo wa wenzake sita, akambadilishia mdogo sheria ili asilie, kisha akazikumbuka sheria zote mbili, anafanya kazi nzito ya akili. Na kipo cha sauti na mdundo: yule ambaye kwenye maulidi anashika dufu la pili, si la kwanza, kwa sababu amesikia kwamba yanapishana.

Lamu haihitaji kufundishwa kwamba akili ina milango mingi. Muhamadi Kijuma, mtu wa mji huu aliyefariki 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji na mwanamuziki kwa wakati mmoja. Angelikuwa mtoto leo, sijui tungemsifu kwa lipi, na tungemkanya kwa lipi.

## Ghaibu ni kipaji, lakini kiulize zaidi

Sitaki mtu asome hapa kwamba kuhifadhi ni jambo dogo. Si dogo. Mtoto wa miaka saba anayeshika aya 30 kwa tajwidi ana kumbukumbu ya sauti ya kiwango cha juu, na subira pia. Mrudishie haki yake.

Ila kumbukumbu na kufahamu mpangilio ni mambo mawili, na mtoto anaweza kuwa na moja au yote. Kuna njia nyepesi za kuyatenganisha. Mwanzishe katikati ya sura badala ya mwanzo. Mpe aya umwulize iliyotangulia, si inayofuata. Msomee kwa makusudi aya mbili zinazofanana katika sura tofauti, uone kama anashtuka.

Alama kubwa ni ile asiyoulizwa. Mtoto anayekuja mwenyewe kukwambia kwamba Suratul Ikhlas aya zake zote zinaishia sauti moja, halafu akaenda kuitafuta sura nyingine ya namna hiyo, amevuka kukariri. Ameanza kuchunguza. Wa miaka mitano akifanya hivyo, andika tarehe.

## Tazama anapokwama

Hapa ndipo penye neno langu lote.

Matokeo yanadanganya. Mtoto anaweza kujua herufi zote kwa sababu kakake alimfundisha, au asijue hata moja kwa sababu hakuna aliyeketi naye. Unachotaka kukiona ni anavyojifunza, na hilo huonekana vizuri kabisa pale kitu kinapokataa. Yule binti wa karai alikwama mara tatu. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu: kwanza uzito, kisha mahali pa uzito juu au chini, kisha mbele au nyuma. Hakuna aliyemwambia kuhusu farumi, uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Mtoto wa kawaida wa umri wake angepuliza kwa nguvu zaidi, au angelia, au angehama. Hata hayo ni sawa, lakini si alama.

Chukua daftari dogo, kurasa upande mmoja za mkubwa, upande wa pili za mdogo. Kwa wiki tatu au nne andika mistari minne tu kila unapoona jambo: nini kilimkwamisha, alibadilisha nini, aliacha au alirudi, na baada ya muda gani, na je, alilitumia alilojifunza mahali pengine? Mstari wa nne ndio wenye thamani kubwa. Binti akifunga msumari chini ya kidau leo, na wiki ijayo akatia mchanga chini ya kopo la maua linaloangushwa na upepo wa kusi, hilo ni jambo moja alilolielewa, limesafiri.

Kisha unaweza kumpa kazi ndogo. Si mtihani. Dakika kumi hadi kumi na tano, asubuhi, ameshakula, wala si baada ya chuo na shule.

Vizibo 30 vya soda, rangi mbili. Panga nyekundu, nyeupe, nyeupe, mara tatu. Mwambie aendeleze. Wengi wa miaka mitano wataendeleza. Ndipo uulize, bila kuvipanga: "Cha 13 kitakuwa cha rangi gani?" Anayehesabu hewani na kusema nyekundu ameshika kanuni, hakufuata macho. Akifanya hivyo kwa urahisi, badilisha: kimoja, viwili, vitatu, kila safu na kizibo cha ziada. Muulize safu ya sita itataka vingapi.

Tende saba, watu watatu. Usimwambie agawe sawa. Sikiliza anachofanya na ile moja inayobaki. Mmoja ataikata. Mwingine atasema apewe mwenye njaa. Mwingine atakwenda jikoni kutafuta mbili zaidi. Hakuna jibu bovu hapo. Kila jibu lakuonyesha akili yake inaelekea wapi.

Hadithi ya sungura na fisi, ikatwe kabla ya mwisho. Mtake miisho miwili tofauti. Wa pili ndio wenye habari, kwa kuwa wa kwanza huwa ameusikia.

Mtajie tarakimu, moja kila sekunde, azirudie. Nne ni kawaida kwa miaka mitano, tano kwa miaka saba. Wa miaka mitano akirudisha sita kwa siku tofauti bila kubahatisha, kumbukumbu yake ya karibu ni ya juu. Lakini hili lipe uzito mdogo kuliko vizibo. Usingizi mbaya wa usiku mmoja unaliharibu.

Rudia baada ya wiki kwa vitu vingine, simbi badala ya vizibo. Unatazama amejifunza kwa kasi gani kati ya mara ya kwanza na ya pili. Kasi hiyo ni alama imara kuliko alama ya siku moja.

## Yanayoharibu kazi hii

La kwanza, kuwaweka pamoja. Mkubwa atajibu, au atatoa pumzi ya dharau, na mdogo atafunga kinywa. Kila mtoto na siku yake.

La pili, macho yako. Watoto wadogo husoma uso wa mama kabla ya kusoma vizibo. Tazama mikono yake, si uso wake.

La tatu, lugha. Muulize kwa Kiamu kama ndicho cha nyumbani. Mtoto aliyeulizwa kwa Kiingereza anajibu kwanza swali la Kiingereza, ndipo la hesabu. Na mwenye Kiingereza kizuri cha katuni amesikiliza katuni sana; huenda ana sikio zuri la lugha, huenda ana simu tu.

La nne, na hili ndilo kubwa, umri. Miaka minne na miezi kumi ni miezi 58. Miaka saba ni miezi 84. Kuwalinganisha leo ni kumdhulumu mdogo kwa miezi 26, na kumpima kwa mkubwa wa leo ni kama kupima kina cha maji kwa pishi. Mlinganishe na mkubwa alipokuwa na miezi 58. Kumbukumbu yako haitoshi, maana imeshapakwa rangi na sifa za baadaye. Fungua simu: video na picha zina tarehe. Mabuku ya chekechea yana tarehe. Mara nyingi utamkuta mwanambee wa miezi 58 akiwa mtoto wa kawaida kuliko ulivyokuwa ukimsimulia, na moyo wako utatulia kuhusu wote wawili.

## Alama zinazopotosha

Utii si kipaji. Hati safi si kipaji. Kukaa kimya darasani si kipaji, ingawa vyote hivi huleta nyota daftarini.

Kwa upande wa pili, ukaidi nao si ushahidi. Siku hizi huzunguka orodha za mtandaoni zinazosema mtoto asiyelala, anayechukia lebo ya shati shingoni, anayelia kwa muziki wa huzuni, basi ana kipaji. Mizizi yake ni Kazimierz Dąbrowski, mtaalamu wa Poland aliyeandika juu ya watu wenye hisia na msukumo mkali kuliko kawaida. Mawazo yake yana kina. Lakini ukali wa hisia peke yake hupatikana kwa watoto wa kila kiwango, na wakati mwingine huwa ni uchovu au wasiwasi. Usiuhesabu mpaka uende pamoja na kujifunza kwa kasi na maswali yasiyoisha.

Mtoto anayekataa kujaribu mtazame mara mbili. Wengine wanakataa kwa sababu hawajui. Wengine kwa sababu wanaona kichwani jinsi kitu kinavyotakiwa kiwe, na mikono ya miaka mitano haiwezi kukitoa. Huyo wa pili utamkuta akichana michoro mizuri. Mpe vitu visivyobaki: mchanga wa pwani, maji, udongo, ubao wa chaki. Pasipo cha kuhifadhiwa, hofu hupungua, na ndipo utaona anachokiweza.

Na mabinti. Mvulana mtundu huambiwa atakuwa fundi. Binti anayefungua redio huambiwa akae vizuri. Kufika miaka saba au minane wengi wameshajifunza kuficha, na wanaficha vizuri, kwa sababu hata kuficha kunataka akili. Ukiwa na binti mdogo na kaka yake aliyesifiwa, anza daftari lake mapema.

## Kipaji kikikaa na tatizo

Kabla ya kusema mdogo ni mzito, pima masikio. Mafua ya mara kwa mara huacha maji nyuma ya kiwambo cha sikio, na mtoto anasikia kama aliye chini ya mto. Jaribio la nyumbani: simama nyuma yake hatua mbili, nong'ona jina la kitu anachokipenda, kila sikio kwa zamu huku jingine limezibwa. Asipogeuka mara mbili, mpeleke hospitali. Macho vilevile: anayekifuata kitabu kwa pua, au anayeinamisha kichwa upande mmoja, apimwe.

Kusoma kuna mtego wake kwetu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia hakosei sana kama anavyokosea kwa Kiingereza. Anachelewa. Anaunganisha na-na-si polepole mwaka mzima, wakati wenzake wameshaacha silabi. Akiwa na akili kali atakariri ukurasa kwa kusikia wenzake, na mwalimu hatagundua. Funika picha, mpe sentensi mpya yenye maneno yale yale yaliyopangwa vingine. Kugeuza b na d bado ni kawaida mpaka kama miaka saba, usilihofie peke yake.

Kenya ina vituo vya tathmini vya elimu, EARC, tangu 1984. Wengi hudhani ni vya watoto wenye ulemavu pekee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawahesabu wanafunzi wenye vipaji vya pekee miongoni mwa wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo mzazi anayeuliza habari za kipaji haombi fadhila. Nenda na daftari. Ila kwa mtoto wa chini ya miaka sita au saba, usitake alama ya kipimo cha akili. Katika umri huo alama hupanda na kushuka sana, na vipimo vingi vimetungwa kwa watoto wa nchi nyingine na lugha nyingine. Omba watazame tatizo kama lipo, na ubaki na maelezo.

## Maneno ya nyumbani

Acha jina. Hili halina gharama yoyote na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu bibi ameshalizoea na maalimu ameshalizoea. Wala usilitibu kwa kumtafutia mdogo jina lake, "mkubwa ana kichwa, mdogo ana mikono." Hayo ni magereza mawili badala ya moja.

Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili walivunjika moyo upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Kwa hiyo mweleze mtoto kile ulichokiona: "Uliusogeza msumari katikati, ndipo kikasimama." Yatosha. Pia haivuti kijicho, jambo ambalo wazazi wengi hapa wanaliogopa kwa haki, maana hukutangaza chochote. Umetaja msumari.

Mlishe kila mmoja anachokila, halafu kidogo cha mwenzake. Binti apelekwe siku moja Matondoni akae karibu na mafundi wa vyombo, aone mkuku, uti wa chombo, unavyolazwa kwanza na mataruma, mbavu zake, yanavyopachikwa. Apewe kete na ubao wa bao. Asiandikishwe tuisheni ya ziada, kwa maana muda wa karai ndio shule yake. Mvulana apewe maana ya anachokisoma, mafumbo, mashairi ya kukamilisha vina, na pia apewe karai. Mara nyingi utamkuta mwanambee hana mahali popote anaporuhusiwa kushindwa.

Kwa mwalimu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, usiende kusema "mwanangu ana kipaji." Walimu wamelisikia hilo mno, nao wana watoto wengi darasani. Nenda na mifano mitatu yenye tarehe, isome kwa dakika mbili, kisha uulize: "Mwalimu, hapa shuleni akikwama anafanyaje?" Mtaala wa umilisi ulioanza 2019 umewazoeza walimu kutathmini mtoto akiwa kazini, na swali hilo wanaweza kulijibu. Jibu likipishana na daftari lako, usibishane. Andika na la mwalimu. Mtoto anayefunga vidau nyumbani na kukaa kama jiwe shuleni anakuonyesha jambo kuhusu darasa, au kuhusu masikio yake, au kuhusu kaka yake anayesoma chumba cha pili.

Baada ya miezi sita fungua daftari upya, upande wa mdogo na upande wa mkubwa pia. Huyu aliyezoea kuitwa mwenye akili mtazame hasa mstari wa tatu: kama zamani alikuwa akirudi kwenye jambo lililomshinda, na sasa anachagua yale tu anayoyaweza mbele ya wageni, basi yeye ndiye wa kuanza naye.